Mjane wa Uluguru na Shamba la Mama Yake

Ukimuuliza mwanamke wa Kinole au wa Mkuyuni shamba analolima ni la nani, mara nyingi hatakutajia jina la mumewe. Atakutajia mama yake, kisha bibi mzaa mama, na kama ni mtu mzima aliyekaa sana na wazee atapanda hivyo hivyo mpaka kwa mwanamke ambaye wanawe ndio walioanza kulifyeka bonde lile. Mume anaweza kuwa amelima humo miaka thelathini, akapanda migomba, akachoma matofali na kujenga nyumba. Ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo bado ni ya akina mama wa mkewe.

Ndiyo maana mjane wa Kiluguru ana hali yake, tofauti na ya wajane wengi wa nchi hii. Kwingi Tanzania mwanamke hupata ardhi kwa kuolewa, na mume akifa ndugu wa mume huanza kumhesabia siku. Kwa Waluguru mwanamke alikwisha kuwa na ardhi kabla mchumba hajapiga hodi. Akiolewa, akiachwa au akifiwa, yeye ni dada wa watu fulani na binti wa mama fulani, na udada huo haufi na mume. Nayaandika haya kwa sababu utaratibu huu unabadilishwa sasa, kidogo kidogo, na watu ambao wengi wao wana nia njema lakini hawajui wanachokigusa.

Milima ya Uluguru huanzia mgongoni mwa mji wa Morogoro na kwenda kusini, kilele cha Lupanga kikiutazama mji kutoka mita 2,138 na Kimhandu upande wa kusini ikipita mita 2,600. Humo ndimo yanamotoka maji ya mto Ruvu, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanayanywa. Waliohamia katika milima hii hawakuja kwa mkupuo mmoja, wala hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuja koo kwa koo kutoka pande mbalimbali, wakikimbia vita, njaa au ugomvi wa nyumbani, na kila ukoo ulioshika bonde au mteremko ukawa ndio wenyeji wa hapo. Ukoo huo ndio lukolo. Ndani ya lukolo kuna tombo, yaani matawi ya watu walionyonya ziwa moja, wanaoweza kutaja mama waliyetokana naye. Mkubwa wa tombo huwa mwanamume, lakini anashika nafasi hiyo kwa sababu ya mama aliyemzaa. Akifa, wanatazamwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Mtoto wake wa kumzaa hayumo katika hesabu hiyo, maana mtoto ni wa lukolo la mama yake.

Baba hakusahaulika. Kila Mluguru ana mtala, yaani upande wa ukoo wa baba yake, na kutoka huko hupata jina. Wazee wawili wasiofahamiana wakikutana njiani hawachukui muda kujuana: huyu atataja lukolo lake, atataja na mtala wake, na papo hapo kila mmoja atajua kama amwite mwenzake mjomba, shemeji, babu au mtani. Historia ya familia inabebwa namna hiyo, damu kwa mama na jina kwa baba. Nimesikia wasomi wa mjini wakilieleza jambo hili kana kwamba baba wa Kiluguru ni mgeni katika nyumba yake. Si kweli. Baba analea, anafundisha, anaheshimiwa, na baraka yake inatafutwa. Asichoweza ni kumpa mwanawe kilicho cha ukoo wake, kwa sababu chenyewe alikishika kwa dhamana tu.

Utaratibu huo ulifika mpaka kwa wakuu. Kingalu wa Kinole, aliyejulikana kwa mvua na ambaye watu walimpelekea sadaka wakati wa ukame, hakurithiwa na mwanawe. Kila aliyechaguliwa alitoka katika tumbo la kike la ukoo ule na akabeba jina lile lile la Kingalu, hata jina likawa la cheo. Serikali ya huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini jina la Kingalu halikufutika Kinole, na njia ya kulipata ni ile ile.

Kuhusu ndoa, zamani mara nyingi mwanamume ndiye aliyekwenda kukaa kwa wakwe. Alilima, akajenga, akatazamwa tabia, na mahari hayakuwa makubwa kama ya wafugaji, kwa sababu hakuna aliyenunua watoto: watoto walikuwa wa kwao mama tangu mwanzo. Siku hizi wawili hukaa popote palipo na nafasi, kwa mume, kwa mke au mjini. Mwanamume anayelima shamba la ukoo wa mkewe analima kwa ruhusa. Vivyo hivyo mtoto anayelima shamba la ukoo wa baba yake, na jirani aliyeomba kipande. Aliyeomba alitoa ngoto, kitu kidogo cha kila mwaka kwa mkubwa wa ukoo, chakula au pombe na baadaye fedha. Thamani yake haikuwa kubwa na haikukusudiwa iwe kubwa. Kwa kuitoa alikiri mbele ya watu kwamba ardhi ina wenyewe, na mwaka ambao hakuitoa ndipo maneno yalipoanza.

Kuna sharti moja ambalo mgeni hulidharau, na bila kulielewa mtu hataelewa mirathi ya huku. Aliyepewa ardhi kwa ruhusa aliweza kupanda mahindi, mpunga wa mlimani, mihogo na maharage. Kupanda miti ya kudumu lilikuwa neno jingine. Mti ni wa aliyeupanda, ardhi ni ya ukoo. Mtu akipanda mwembe au mnazi katika ardhi ya wenzake, amejiwekea haki isiyoisha msimu ukiisha: atarudi kuvuna, na akifa watakuja wapwa zake kuvuna. Kwa hiyo wenye ardhi walikataa, au walikubali kwa masharti mbele ya mashahidi. Shamba moja dogo la Uluguru linaweza kuwa na udongo wa ukoo mmoja, embe za ukoo wa pili, na mihogo ya mtu wa ukoo wa tatu, na wote wakaishi kwa amani mpaka siku ya msiba.

Na tuiangalie hiyo siku ya msiba, maana ndipo kila kitu hudhihirika.

Mwanamume akifa, maiti ni ya ukoo wake. Hata kama aliishi kwa mkewe miaka arobaini, wapwa na kaka zake hupelekewa habari kwanza, na hakuna mtu anayethubutu kuzika kabla mkubwa wa ukoo hajafika au hajatoa neno. Watani nao huja, na pale wanapokuja msiba hubadilika sura. Mtani atavaa koti la marehemu, atatembea kwa mwendo wake ule ule wa kuburuta mguu, ataita kwa sauti yake, atazuia njia ya kaburini mpaka apewe chochote, na mjane aliyekuwa analia atajikuta ameziba mdomo kwa ukingo wa khanga asicheke. Kwa waliofiwa, dakika hizo mbili tatu za kicheko ni dawa, na ndiyo kazi ya mtani kuitoa. Kabla ya kuzika husimama mtu akauliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Anayekaa kimya hapo atapata taabu sana kufufua deni lake baadaye.

Kikao cha mirathi huja baada ya matanga kuanuliwa. Si kikao kikubwa. Wanaume wa ukoo wa marehemu hukaa upande mmoja kwenye mabenchi na viti vya kuazima, na dada zake kwenye mkeka, karibu kiasi cha kusikia na kuingilia. Mjane hukaa na watu wake: mjomba wake au kaka yake, mama yake kama yupo, na shoga au wawili waliokuwa naye tangu siku ya kifo. Vitu huletwa nje. Jembe, panga, shoka, koti la mvua, baiskeli isiyo na breki, redio, godoro, daftari la madeni ya duka. Hapo ndipo hutokea jambo ambalo mimi naliona kuwa uti wa mgongo wa sheria yote: kila kitu kinaulizwa kilikotoka. Panga hili alilikuta kwa mjomba wake, basi linarudi kwa wapwa. Baiskeli alinunua kwa fedha za ndizi. Ndizi za shamba gani? Za shamba la mke. Basi mzee mmoja atakohoa, na baiskeli haitaondoka pale kirahisi. Sufuria na vyungu havijadiliwi, ni vya mama.

Mjomba wa mjane akipewa nafasi husema maneno ya namna hii: "Mashemeji, mtu wetu mmemkuta hapa. Shamba hili alipewa na mama yake, nanyi mnajua. Marehemu tumemzika vizuri, hatuna neno naye. Vya kwenu chukueni. Vya huyu bibi na wanawe viacheni walipo." Upande wa pili nao husema lao. Kama ndoa ilikuwa na amani, kikao humalizika kabla ya chakula cha mchana. Kama marehemu alikuwa na mke wa pili upande wa pili wa mlima, au alijenga nyumba nzuri kwa siri huko Mikese, kikao kitahamia siku nyingine na pengine mahakama ya mwanzo.

Katika kikao hicho mjane wa Uluguru ana kitu ambacho mjane wa kwingine hana. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lile lililotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 436, linasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa katika nyumba zao walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama hiyo ilikubali kwamba mila ile inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Mahakama ya Rufani nayo ililitupa shauri mwaka 2010 kwa kasoro za kiutaratibu, na mwaka 2015 ikawa ni kamati ya Umoja wa Mataifa iliyotamka kwamba Tanzania iliwavunjia wanawake wale haki zao. Ni miaka mingi mno kwa mtu aliyetupwa nje na watoto. Tangazo lile lilitungwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na Waluguru hawamo humo. Lakini nchi nzima imezoea kuamini kwamba hiyo ndiyo "mila ya Kiafrika", hata makarani na mahakimu wanaopangiwa Morogoro kutoka mikoa mingine huja wakiwa nayo kichwani.

Wala si Afrika peke yake iliyompa mjane mkono mtupu. Katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, Virginia kwa mfano, mke alipoolewa mali yake karibu yote iliingia mkononi mwa mume. Mume akifa bila wosia, mjane alipata haki ya theluthi moja ya ardhi, nayo kwa maisha yake tu. Hakuweza kuiuza wala kumwachia amtakaye, na siku akifa ilikwenda kwa warithi wa mume. Martha Custis alifiwa na mumewe tajiri mwaka 1757, akapata theluthi yake ya ardhi na ya watumwa kwa masharti hayo hayo. Miaka miwili baadaye aliolewa na George Washington, na usimamizi wa mali ile ukahamia kwa mume mpya. Mjane wa mkulima mdogo aliyefyeka msitu kwenye mpaka wa Appalachia aliishi chini ya sheria ile ile, akiwa na theluthi ya shamba ambalo labda alilipanda kwa mikono yake mwenyewe. Katika karne hiyo hiyo, mwanamke wa milima yetu aliingia ndoani na shamba na akatoka nalo. Sisemi hili ili tujivune. Nalisema kwa sababu wako wanaowaambia wanawake wa Uluguru kwamba haki ya ardhi ni kitu kipya kinachowajia kutoka nje.

Lakini nisimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukoo wa mama haukumpa mwanamke utawala. Anayegawa ni mjomba, anayesema kikaoni ni mjomba, na mjomba mbaya ni msiba unaoishi. Wako wanawake waliopewa kijipande cha jabali huku kaka zao wakipewa bondeni penye maji. Wako wajane waliohamia kwa mume wakiwa wasichana, wakazeeka huko, na walipofiwa wakarudi kwao na kukuta shamba la mama limekwisha kugawiwa watoto wa dada zao. Haki ya kurudi ilikuwepo, ardhi ndiyo haikuwepo. Palikuwa pia na desturi ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu au mpwa wake. Wengine waliikubali kwa hiari, hasa wenye watoto wadogo, na wengine walishinikizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelikata hilo vizuri: mjane anakaa apendapo, na anaolewa au haolewi kwa uamuzi wake. Sioni cha kulilia katika kufa kwa desturi ile.

Maumivu mengine ya utaratibu huu hayazungumzwi sana, nayo ni ya watoto. Mtoto aliyelima na baba yake tangu utotoni, akabeba naye ndizi mpaka sokoni, akamuuguza, siku ya kikao anaweza kuambiwa na binamu yake: "Asante kwa kumtunza mjomba, sasa shamba tunalichukua." Ni halali kwa mila na ni chungu sana. Akina baba wa Kiluguru wameutafutia dawa uchungu huo kwa muda mrefu. Wengine huwapa watoto ardhi wakiwa hai, mbele ya ndugu. Wengine hununua ardhi yao wenyewe, mbali na ya ukoo, ili pasiwe na mpwa wa kusema neno. Zamani ndoa za mabinamu zilisaidia: mtoto wa kiume akioa binti wa shangazi yake, ardhi ya baba yake ilirudi kuwalisha wajukuu wa baba yule yule, maana watoto wa binti huyo ni wa ukoo wa babu.

Mji wa Morogoro wenyewe una kisa chake cha mwanamke mrithi, na watu wa hapa bado wanakipenda. Kisabengo, mpiganaji wa Kizigua, alijenga mji wenye ukuta chini ya milima hii katikati ya karne ya 19 na kuwatoza ushuru wenye misafara. Alipokufa, mji ulibaki kwa binti yake, Simbamwene, na mji wenyewe ukajulikana kwa jina hilo. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone aliukuta chini ya mwanamke huyo, akausifu kwa ukuta na ngome zake. Aliporudi mwaka uliofuata mafuriko yalikuwa yameubomoa sana. Simbamwene hakuwa Mluguru, na urithi wake ulitoka kwa baba, mtu wa vita. Kwa hiyo ni kosa kumfanya mfano wa mila ya Waluguru, ingawa wengi hufanya hivyo. Wenye mila waliishi juu milimani, na kwao hapakuhitajika ngome ili mwanamke awe na chake.

Ardhi ilipokuwa tele, makosa ya mjomba yaliweza kusahihishwa kwa kufyeka mbele kidogo. Hilo lilianza kufungwa na Wajerumani walipotangaza misitu ya hifadhi mwaka 1909. Mipaka hiyo, ambayo tangu 2008 ni ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, imeyaokoa maji yetu na miti isiyopatikana penginepo duniani, na naiunga mkono. Lakini kwa wenye mashamba maana yake ni kwamba juu hakuna pa kwenda. Waingereza nao, wakihofia mmomonyoko, walileta mwaka 1950 mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha watu kuchonga matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ngumu, udongo mzuri ulifukiwa chini, mavuno hayakuonekana. Palikuwa na hofu nyingine ambayo wakubwa hawakuisikia: aliyejenga kitu cha kudumu katika ardhi ya wenzake kwa mila ana haki hapo. Je, Serikali ikijenga matuta, ardhi itakuwa ya nani? Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye. Hofu yao ilikuwa ya busara kabisa. Walikuwa wanasoma matuta kwa sheria ile ile waliyosomea miti.

Dini zimeingia katika mirathi hii kwa njia zake. Padri wa Matombo au wa Mgeta alihubiri nyumba ya baba, mama na watoto, na Wakatoliki wengi wakaanza kuona haya kumwacha mtoto na kumrithisha mpwa. Upande wa Waislamu, Kurani inampa mjane thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Familia nyingi zimepata njia ya kuyachukua yote mawili. Fedha, nyumba ya bati, pikipiki na mbuzi hugawiwa kwa hesabu ya shehe, mjane akiwa katika eda yake ya miezi minne na siku kumi. Shamba la ukoo haliletwi mbele ya shehe kabisa, kwa hoja kwamba halikuwa mali ya marehemu. Naiona hoja hiyo kuwa nzuri kwa dini na kwa mila pia. Mtu harithiwi dhamana aliyoshika kwa niaba ya wengine.

Linalonitia wasiwasi ni hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ni rafiki wa mwanamke katika maandishi. Kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu kumiliki na kutumia ardhi, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Hati za hakimiliki za kimila zinatolewa kwa familia, na hapo ndipo mwenye kalamu anapouliza, kwa mazoea ya alikotoka: "Kiongozi wa kaya nani?" Jina la mume linaandikwa. Au, kwa wema zaidi, linaandikwa la mume na la mke pamoja, nusu kwa nusu, na wote wanapiga picha wakitabasamu. Kama shamba walilinunua pamoja, ni haki tupu. Kama ni shamba la mama wa mke, hati hiyo imempa mume nusu ya kitu ambacho mila haikuwahi kumpa, na siku akifa nusu hiyo inaingia katika mirathi yake. Wapwa zake wataidai kama mali ya mjomba, kwa karatasi halali ya Serikali, na mjane atajikuta anagawana na watu baki ardhi aliyozaliwa juu yake.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Inatosha kabla ya kuandika jina kuuliza lile swali la kikao cha mirathi: shamba hili lilitoka kwa nani? Wajumbe wanawake wa baraza, hasa waliozaliwa kijijini hapo, wanajua jibu kuliko ofisa yeyote wa halmashauri, maana wao ndio waliokulia wakisikia majina ya mabibi. Jibu likiwa "kwa mama", hati iandikwe jina la mwanamke peke yake, au yeye na dada zake.

Na swali hilo haliwezi kungoja, kwa sababu ya miti. Karafuu, mdalasini na pilipili manga zimeenea Kinole, Tegetero, Matombo na Tawa, na wanaozipanda kwa wingi ni wanaume, wengi wakiwa katika mashamba ya wake zao. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuvunwa vizuri, kisha unaweza kuzaa kuliko umri wa mpandaji. Kwa mila mti ni wa aliyeupanda. Fedha ya karafuu ni nyingi kuliko fedha yoyote iliyowahi kutoka katika miteremko hiyo, na kilo moja ina mvuto kuliko mikungu kadhaa ya ndizi. Kwa hiyo wakati waume hawa watakapoanza kuzeeka na kufa, mjane atabaki na udongo wa mama yake na wapwa wa mumewe watapita kila msimu juu ya kichwa chake wakichuma. Wazee wa zamani walilizuia hili kwa kukataza mti au kwa kuweka masharti mbele ya mashahidi siku ya kupanda. Masharti hayo yanaweza kuwekwa leo, mbele ya mjomba na mwenyekiti wa kitongoji, yakaandikwa na kusainiwa: miti mingapi, kwa fedha ya nani, mume akifa ni ya nani, na kama wapwa watalipwa, walipwe nini na kwa mavuno mangapi. Miche mingi bado haijafika kiunoni.